Mlima wa dakika 33, kontrola ya dakika 2

Jumapili jioni, chumbani hosteli

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo! Nilikuwa likizo nyumbani Same, na nimerudi chuo na kitu kimenikaa kooni kama mfupa wa samaki. Leo nakitema hapa hapa.

Mnatujua sisi Wapare. Watani zetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Haya, leo nafungua kesi. Ila safari hii si ya kuku.

Mlalamikaji ni mjomba wangu. Msimu uliopita mzee alijikusanya, akatoa hela ya misimu miwili ya tangawizi, akanunua guta ya umeme. Nasema ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Duka alilonunua silitaji, na fundi simtaji, maana sitafuti ugomvi na mtu mmoja. Ninayemshitaki ni mkubwa kuliko huyo, mtamwona mbele.

Wiki mbili za kwanza ilikuwa raha tupu. Stendi ya Same mpaka sokoni, sokoni mpaka majumbani, kimyaaa, bila moshi, bila petroli. Mjomba akanipigia simu chuo, "Mwanangu, shikamoo yako leo siitaki, sikiliza kwanza hii kitu inavyokwenda!" Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Akacheka mpaka akakohoa.

Wiki ya tatu akapata tenda ya kupandisha saruji Mamba. Mifuko 8, kilo 400. Kutoka tambarare ikaenda vizuri, ikaanza kupanda, na kwenye kona ya tatu ikazima. Ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua. Kontrola kwisha habari yake.

Muuzaji akasema, "Mzee umezidisha mzigo. Chukua kontrola kubwa zaidi." Mjomba akaongeza hela, akafungiwa kontrola kubwa. Safari ya pili kontrola ikapona kweli... ikaungua mota!

Kijiweni wazee wakatoa hukumu: "Tulisema sisi. Umeme ni wa mjini. Milima ya Upare haipandwi na betri." Guta sasa hivi iko uani, kuku wanalala kwenye bodi. Mjomba amerudi kwenye pikipiki ya petroli, na nilipomsalimia akaitika marahaba bila kuniangalia usoni. Maana mimi ndiye msomi wa umeme wa ukoo. Mimi ndiye niliyemwambia nunua.

Kwa hiyo hukumu ya wazee naikatia rufaa. Umeme haujashindwa. Mlima haujashinda. Kilichotokea ni kwamba watu wawili walioanishwa bila kuulizwa, mota na kontrola, walipelekwa fungate mahali pagumu kuliko pote Kilimanjaro Kusini.

Kwanza tuulize mlima

Toeni kalamu, hesabu ni ya kidato cha nne. Guta, dereva na saruji, jumla tuseme kilo 800. Tambarare, kwenye barabara ya vumbi, nguvu ya kuisukuma isisimame ni kama nyutoni 157. Kitu kidogo. Sasa ipeleke kwenye mwinuko wa asilimia 12, yaani kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 12. Hapo unahitaji nyutoni karibu 1,090. Mara 7!

Soma tena hiyo. Mara 7. Chombo kile kile, mzigo ule ule, dereva yule yule.

Sasa gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 25, gia ya 10 kwa 1, na hasara kidogo njiani. Mota inatakiwa kutoa nguvu ya kuzungusha, ile darasani tunaiita toki, ya nyutoni mita 30 hivi. Kibandiko cha mota ya mjomba kilisema kilowati 3. Ukigawanya kilowati 3 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika unapata nyutoni mita 9 na nusu. Yaani mlima unadai 30, na mota imeahidi 9 na nusu kwa kazi ya siku nzima.

"Lakini mota inaweza kuzidisha kwa muda!" Kweli kabisa, mota ya AC inavumilia. Kwa muda gani? Tuseme unapanda mita 1,000 kwenda juu kwa mwinuko huo. Hiyo ni kilomita 8 na kidogo za barabara. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ni dakika 33.

Na hapa ndipo wizi ulipojificha. Kontrola nyingi, hata za kampuni kubwa kama Curtis, zina namba mbili za ampea: za dakika 2, na za saa 1. Namba kubwa inayong'aa kwenye tangazo mara nyingi ni ile ya dakika 2. Ya saa 1 ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Kampuni haijadanganya, imeandika kwenye karatasi ya vipimo. Anayedanganya ni anayekuuzia bila hiyo karatasi. Anakupa kontrola ya dakika 2 kwa mlima wa dakika 33, halafu anakwambia umezidisha mzigo.

Ampea za wapi?

Boksi la kontrola ya kwanza liliandikwa "ampea 100". Nikamuuliza fundi kwa simu, ampea 100 za upande gani? Akanyamaza. Akasema, "Ampea ni ampea, dogo."

Siyo! Kontrola ya mota ya AC inachukua umeme wa betri unaokwenda njia moja, inaukatakata na kuutoa kama mawimbi matatu kwenye nyaya tatu za mota. Mota ikizunguka polepole inahitaji volti kidogo na ampea nyingi. Kwa hiyo unaweza kukuta betri inatoa ampea 40 tu huku nyaya za mota zinabeba 150. Mwenye mita kwenye betri anasema "mbona inakula kidogo", kumbe upande wa pili kunachemka. Kwenye kona ya tatu ya mlima, mwendo wa kobe, ndipo ampea za mota zinapofika kileleni. Hizo ndizo za kuuliza.

Wale wa kwetu wanaojua ndiva watanielewa. Ndiva ni lile bwawa la wazee, linajaa maji usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa mifereji. Anayefungua hafungui tu. Anajua mfereji huu unabeba kiasi gani na ule ukizidishiwa unabomoka. Betri ndiyo ndiva, mota ndiyo shamba, kontrola ndiyo yule mzee wa kufungua. Sasa wewe unachukua mzee wa ndiva nyingine, hajawahi kuona mfereji wako, unamwambia fungua!

Ugonjwa wa "kubwa zaidi"

Hapa nakuja kwetu wenyewe, wanachuo. Maana muuzaji yule hakuzaliwa na huo ujinga, ameusikia mahali. Mara ngapi kwenye miradi ya mwaka wa mwisho tumesikia "weka kontrola kubwa, ikizidi si neno"?

Ni neno! Kontrola kubwa haimfanyi mota kuwa mkubwa. Inamlazimisha. Ile toki ya mara 3 inadai mkondo wa si chini ya mara 2 na nusu, na joto la nyaya linapanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ni mara 6 na zaidi. Tunafundishwa kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango, maisha ya insulesheni yanakatika nusu. Dakika 33 za joto mara 6... hiyo siyo safari, ni mazishi.

Nilifungua ile mota uani, kuku wakinishangaa. Varnishi nyeusi tii. Halafu nikaona kitu kilichonifanya nikae chini kwenye vumbi. Kulikuwa na nyaya mbili nyembamba zinatoka ndani ya mota, za sensa ya joto. Kazi yake ni kumwambia kontrola "punguza, naungua". Zilikuwa zimefungwa kwa utepe mweusi na kukunjwa pembeni. Hazikuunganishwa popote. Mota ilikuwa inapiga kelele dakika zote zile na hakuna aliyempa simu.

Nyaya mbili wadau. Hela ya misimu miwili ya tangawizi, na kilichokosekana ni nyaya mbili.

Kudesa hakufai hapa

Kosa jingine ni kudesa. Mwenzako alifunga kontrola fulani ikakubali, na wewe unanakili mpangilio wake kama desa la mtihani. Lakini mota ya induksheni ina tabia zake. Chukua yenye poli 4. Ukiipa mawimbi 100 kwa sekunde, uga wa sumaku unazunguka mara 3,000 kwa dakika, lakini rota inabaki nyuma kidogo, tuseme 2,900. Huko kubaki nyuma ndiko kunakozaa nguvu. Kontrola lazima ijue mota hii inabaki nyuma kiasi gani, ina poli ngapi, enkoda yake inatoa alama ngapi kwa mzunguko, na mkondo wa kutengeneza sumaku tu ni kiasi gani. Ukiidanganya, ampea zinapanda, nguvu haipandi, joto linabaki kuwa lako.

Mota ya sumaku ya kudumu ndiyo kabisa, kontrola ikikosea mahali rota ilipo, chombo kinatetemeka kama mwenye malaria.

Na kuna wale wa "tuchukue mota ya mashine ya kusaga, ipo, ni fezi tatu". Mota hiyo imesukwa kwa volti 380 na mawimbi 50. Kwa betri ya volti 60, kontrola inatoa kama volti 42 tu kati ya waya na waya. Ili sumaku ibaki na nguvu yake kamili, utaishia mawimbi 5 na nusu kwa sekunde, yaani mizunguko 165 kwa dakika. Ukizidisha hapo nguvu inakimbia. Utakuwa umejenga feni.

Mnataka ushahidi kwamba kilowati si za mota peke yake? Tazameni Nissan Leaf. Mota ile ile, EM57, ilitangazwa kilowati 80, kisha kwenye gari la 2018 ikawa 110, kisha kwenye toleo la e+ la 2019 ikawa 160. Kilichobadilika zaidi ni inveta na betri. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii mota ni kilowati kadhaa" muulize, ikiwa na nani? Kampuni ya HPEVS ya Marekani huuza mota yake ya AC-50 pamoja na kontrola ya Curtis ambayo imeshapangwa kwa ajili ya mota hiyo. Wanajua wakiwatenganisha, lawama zitawarudia.

Wazee nao nawajibu

Kwa heshima zote wazee wangu, shikamooni. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024. Inatoka usawa wa bahari Dar mpaka mita 1,100 na ushee, kwa umeme. Mtasema reli haina kona za Mamba, na ni kweli. Lakini hata nyimbo za reli zisingeipandisha kama mota na inveta zake zisingekuwa zimepimwa pamoja kwa mwinuko ule na uzito ule. Nairobi, kampuni iliyoanza 2017 kwa jina la Opibus, na tangu 2022 inaitwa Roam, ilibadilisha Land Cruiser za safari kuwa za umeme. Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV yao mwaka 2011. Wanafunzi kama sisi!

Na nyie wazee ndio mlionifundisha jibu lenyewe bila kujua. Dereva gani wa Same anapanda mlima na gia ya tambarare? Hayupo. Analaza chini, anapanda polepole, anafika. Guta ya mjomba ilikuwa na gia moja tu. Tungeiwekea gia ya pili ya 30 kwa 1 kwa ajili ya mlima, na tukapanda kwa kilomita 8 kwa saa, mlima ungedai nyutoni mita 10 tu na kilowati 2.7. Mota ile ile ya kilowati 3! Ingetumia saa 1 badala ya dakika 33, lakini ingefika karibu na kiwango chake, na kontrola ya kawaida ingetosha. Hakuhitaji kontrola kubwa. Alihitaji mtu wa kuuliza "unakwenda wapi na hii?"

Na kushuka je?

Hili la mwisho linanitisha kuliko yote. Tangawizi inashuka. Kilo 800 zikiteremka mita 1,000 zina nishati ya kilowati-saa 2.2, na hata ukitoa msuguano wa barabara inabaki kama 1.8. Kontrola nzuri inarudisha sehemu kubwa ya hiyo kwenye betri na kukusaidia breki. Raha kweli. Lakini ukichaji betri ikajaa kabisa kule juu, halafu ukaanza kushuka na mzigo, umeme unaorudi hauna pa kwenda. Volti zinapanda, ulinzi wa betri unakata, na ile breki ya mota inapotea ghafla katikati ya mteremko.

Kwa betri ya kilowati-saa 6, anayeshuka kutoka juu aache nafasi ya robo hadi theluthi. Na breki za kawaida ziwe nzima zenyewe, bila kutegemea mota. Mjomba hakuambiwa hata neno moja la hili. Nashukuru Mungu mota iliungua wakati wa kupanda.

Hukumu ninayoomba

Najua mtasema, "Mwana, seti iliyolinganishwa ni ghali, mnyonge atapata wapi?" Swali zuri. Mjomba amenunua kontrola mbili na anahitaji mota ya pili. Jumlisheni nyie. Rahisi ghali, na Mpare kuliibiwa hesabu namna hii ni aibu ya ukoo.

Kwa anayetaka kununua au kubadilisha chombo, usitoe hela kabla hujajibiwa haya:

1. Ampea za nyaya za mota ni ngapi kwa dakika 2, na ngapi kwa saa 1?
2. Karatasi ya vipimo ya mota iko wapi? Volti, mawimbi, poli, mizunguko, enkoda.
3. Kontrola hii imepangwa kwa mota hii, au imedeswa?
4. Sensa ya joto imeunganishwa? Nionyeshe, niipashe joto nione kama inapunguza.
5. Gia yake ni ngapi, na ikiwa na mzigo kamili inapanda mwinuko gani kwa nusu saa bila kusimama?
6. Betri ikiwa imejaa, kushuka kunakuwaje?

Akishindwa mawili, aga kwa adabu uondoke.

Na kwetu wanachuo, mshitakiwa niliyesema mtamwona mbele ni sisi. Tunaonyesha magari ya miradi kwenye maegesho ya lami, mita 50, wageni wanapiga makofi, picha, kwisha. Hakuna anayepima joto la mota baada ya nusu saa ya mlima. Hakuna anayebandika namba za mota yake ukutani ili wa mwaka unaofuata na fundi wa mtaani wazitumie. Halafu fundi akikosea tunamcheka. Kajifunza wapi sasa? Wapare wa zamani, ukoo wa Washana kule Ugweno, walifua chuma na watu wa mbali wakakifuata. Sidhani kama kuna aliyenunua jembe lililopimwa kwenye mchanga laini.

Mimi nimeshachagua mradi wangu wa mwisho. Guta iliyoko uani. Nitaisuka mota upya, nitaweka gia ya pili, nitaunganisha zile nyaya mbili, na nitaweka namba zote hapa kijiweni, hata zikiwa za aibu. Na sitaionyesha chuo. Nitaionyesha Mamba, mifuko 8 ya saruji bodini, mjomba kwenye usukani. Bumu likitoka tu naanza.

Nilimwambia siku ya kuondoka. Akaniangalia muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, safari hii nenda kaupime mlima kwanza."

Kesi imeahirishwa. Mashahidi mlioko Mwanga, Lushoto, Rungwe na kokote kwenye milima, semeni yaliyowakuta. Uwanja ni wenu.

Alamsiki.